Jikaze kisabuni: sasa basi

Nenda msiba wowote wa uswahilini, uwe Temeke, Tanga mjini au Kahama, utakuta mpaka ambao hakuna aliyeuchora. Wanawake wako ndani, wamekaa kwenye mikeka, wanalia kwa sauti na kuegemeana. Wanaume wako nje chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, wanazungumzia usajili wa Simba na Yanga, bei ya petroli, na nani kaandikisha shilingi ngapi kwenye daftari la rambirambi. Katikati yao amekaa mfiwa. Alasiri hii amemzika mtoto wake. Kila anayefika anampa mkono, anampiga bega na kumwambia neno moja: "Jikaze." Wachangamfu huongeza: "Jikaze kisabuni, mwanangu. Wewe mwanaume."

Hakuna anayemuuliza kama amekula tangu juzi. Hakuna anayemwambia, "Nielezee huyo mtoto alikuwaje." Baada ya siku tatu turubai linakunjwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na yule baba anarudi kazini akiwa amejikaza kama alivyoagizwa. Miezi sita baadaye tunashangaa kusikia amekuwa mlevi, au anapiga watu nyumbani kwake, au ameonekana mara ya mwisho akielekea upande wa mto.

Gazeti hili halina tena subira na neno hilo. Hata huo msemo wa sabuni aliyeubuni hakufikiri vizuri. Kipande cha sabuni ya mche kinaweza kukauka kama jiwe, lakini kikiingia majini kitayeyuka kama kingine, na kile kilichokauka kupita kiasi ndicho hupasuka vipande kabla hata hakijaloa.

Mjadala wa mwanaume wa kisasa awe nani umejaa kila mahali, na vijana wetu wanavutwa mashati na pande mbili. Upande mmoja wako walimu wapya wa uanaume, ambao darasa lao ni simu ya mkononi. Hao wanafundisha kwamba mwanamke akikuona unalia amekwisha kukudharau, kwamba mapenzi ni vita ya nani atamtawala nani, kwamba dawa ya maumivu ya ndoa ni kukataa ndoa. Upande wa pili wako wanaodhani kazi yote imekwisha mwanaume akishatoa machozi mbele ya kamera. Tutafika kwa hao wa pili, wasijione wamesalimika. Tuanze na walimu, kwa sababu wao ndio wenye wanafunzi wengi.

Msingi wa somo lao ni kwamba mwanaume hana mambo ya hisia, hisia ni za kike. Yeyote aliyewahi kukanyaga kibanda umiza anajua huo ni uongo mtupu. Juni 2023 Yanga ilipolikosa Kombe la Shirikisho Afrika kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger, baada ya kushinda kule Algiers, wanaume wazima wenye mvi walitokwa machozi mbele ya wajukuu zao. Hakuna aliyewaambia wajikaze. Hakuna aliyesema wamelishwa limbwata. Jumatatu yake walikuwa bado wanatembea kama wagonjwa, na mabosi wao, wengi wao wakiwa wanaume wa timu ileile, waliwaelewa.

Kwa hiyo hisia wanazo, tena nyingi. Tunachofanya ni kuzigawia vibali. Furaha na huzuni ya mpira, ruksa. Hasira, ruksa wakati wowote, hata mbele ya watoto. Wivu nao ruksa, na hapa magazeti yetu, hili likiwemo, yana kesi ya kujibu. Mwanaume akimuua mkewe, tunamnukuu kamanda wa polisi akisema chanzo ni "wivu wa mapenzi", kisha tunapitisha habari ukurasani kana kwamba tumeeleza jambo. Hatujaeleza chochote. Tumeuvisha unyama vazi la mapenzi. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya Wakenya waliingia mitaani Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na mabango yao yalikuwa yanatuuliza sisi wa vyumba vya habari pia. Mtu aliyekatazwa tangu utotoni kusema "nimeumia" na "naogopa kuachwa" hubaki na lugha moja tu, ya ngumi. Hilo ni maelezo, wala si utetezi. Anayepiga mtu nyumbani ni mhalifu na mahali pake ni mahakamani. Lakini jamii iliyomfundisha lugha hiyo moja isijifanye haimjui.

Na kwa kuwa tumeanza kujisema, tujimalize. Kurasa zetu za michezo kila timu yetu ikifungwa baada ya kupambana zinaandika "yafa kiume". Maana yake nini? Kwamba kuna kufa kwa kike, na huko ndiko kwa aibu? Mhariri wa michezo wa gazeti hili ameshaambiwa.

Tuache maneno, tuingie kwenye mwili, maana huko ndiko gharama yake inakohesabika. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini. Ikigundulika mapema inatibika. Kipimo cha awali kinaweza kuwa cha damu tu, ile ya kuchomwa sindano mkononi. Sasa fika kijiweni utaje tezi dume. Kabla hujamaliza sentensi mtu atainua kidole, wote watacheka mpaka kahawa imwagike, na mmoja ataapa kwamba bora afe kuliko kupimwa namna ile. Kuna mzee atakayecheka kwa sauti kuliko wote. Huyo anaamka mara nne usiku kukojoa, na hajamwambia mtu. Anachoomba ni kwamba mazungumzo yahamie kwenye bao haraka. Siku atakapopelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, atapelekwa amebebwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumeigeuza methali hiyo kuwa ratiba.

Virusi vya Ukimwi vilitufundisha somo hilohilo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba wanaume wanaoishi na VVU walikuwa nyuma ya wanawake katika kuijua hali yao, na ndiyo maana kampeni ya Furaha Yangu, aliyoizindua Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mjini Dodoma Juni 2018, ilielekezwa hasa kwa wanaume. Serikali ililazimika kufanya kampeni nzima ya kuwabembeleza watu wanaojiita vichwa vya familia waende kupima. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakipima kwa macho ya wake zao: mama akienda kliniki na kurudi na majibu mazuri, baba naye anajihesabu mzima. Ushujaa gani huu wa kumtanguliza mjamzito kwenye sindano?

Kuna gharama nyingine ambayo magazeti huiandika kwa aya mbili na kuiacha. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaojiua kila mwaka duniani, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Si kwamba wanawake wana shida chache. Kila anayeijua nchi hii anajua nani anabeba nini. Lakini mwanamke mwenye shida ana shoga, ana kikoba, ana jirani wa kusukana naye nywele, ana mahali pa kulia. Mwanaume ana kijiwe, na kijiweni kila kitu kinazungumzwa isipokuwa yeye mwenyewe. Watu wanacheza bao pamoja miaka 15, na siku mmoja anapokutwa amejiua wenzake wanaapa hawakujua lolote. Wanasema kweli. Hawakujua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza, na angeuliza angejibiwa "poa tu".

Na anayenusurika, tunamfanyaje? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaliita jaribio la kujiua kosa la jinai. Mtu amefika mwisho wa uvumilivu, amefikishwa hospitali na majirani, anafumbua macho, na dola inamwambia ana kesi. Sheria hiyo tuliirithi kwa mkoloni, na inasema kwa lugha ya kisheria kilekile kinachosemwa chini ya turubai: jikaze, la sivyo utaona. Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu cha 226, kilichotishia kifungo cha hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitamka kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Anga halikuanguka Nairobi.

Walimu wa mitandaoni wanapata wanafunzi kwa sababu wanagusa kidonda cha kweli, na tungekuwa waongo tusiposema hivyo. Kijana wa leo anapimwa kwa mfuko. Asiye na hela anaitwa mwanaume suruali, yaani kilichobaki cha kiume kwake ni vazi. Ajira hakuna, mahari inapanda, kodi ya chumba inadaiwa ya miezi sita kwa mpigo. Siku anapoachishwa kazi anapoteza mshahara na jina pamoja. Wapo wanaoamka kila asubuhi, wanavaa, wanaaga nyumbani kana kwamba wanakwenda ofisini, kisha wanashinda stendi au chini ya mwembe mpaka jioni. Wengine wanajaribu bahati kwa mikeka ya kubeti. Mkeka unachanika, wanakopa kuufuata, na mke anaijua habari siku wenye mkopo wanapokuja kubeba televisheni. Ukiuliza kwa nini hakumwambia mkewe mapema, jibu ni moja: nitaonekanaje?

Kidonda ni cha kweli. Dawa wanayouza ni sumu. Kumwambia kijana huyo afunge mdomo zaidi, amwogope mkewe zaidi, amhesabu kila mwanamke kuwa adui wa pochi yake, ni kumwongezea mzigo aliyelemewa na kumtoza ada juu yake.

Hapa ndipo watatuambia: nyinyi wahariri mmeletewa mambo ya Wazungu, babu zetu hawakuwa hivyo. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa kuwa inasemwa na watu wasiowajua babu zao.

Wabukusu wa Bungoma na Wagisu wa Mbale hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana husimama wima mbele ya umati, na mila inamtaka asipepese jicho kisu kinapopita. Hakuna shule ya ujasiri iliyo kali kuliko hiyo, na wapenzi wa jikaze hupenda kuitaja. Wanakatisha hadithi hapo. Hawasemi kwamba kijana huyo hakusimama peke yake: ndugu na rafiki wamekesha naye, wamemwimbia, wamemsindikiza nyumba hadi nyumba kwa siku kadhaa. Hawasemi kwamba baada ya kisu hufungwa kidonda, huwekwa mahali pa kupona, na kwamba kwa siku za kwanza, mpaka atakaponawishwa mikono kimila, hagusi chakula kwa mkono wake, hulishwa. Shujaa wa asubuhi analishwa tonge jioni kama mtoto, na hakuna anayecheka. Wazee walijua kwamba anayetakiwa kuvumilia sharti awe na wa kumuuguza. Sisi tumechukua kisu, tukaacha uuguzi, kisha tunakiita kilichobaki asili yetu.

Wenye dini nao wasikimbilie mimbari. Waislamu wanafundishwa kwamba Mtume Muhammad alilia mwanawe Ibrahim alipokata roho, na swahaba aliyeshangaa akaambiwa kwamba machozi yale ni rehema. Wanafundishwa pia habari ya al-Aqra' bin Habis, aliyejisifu mbele ya Mtume kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Akajibiwa kwamba asiye na huruma hatahurumiwa. Wakristo wanaijua vizuri safari ya Bethania, na jinsi Yesu alivyolia alipokuwa akielekea kaburini kwa Lazaro, mbele za watu. Sasa ni nani hasa huyu aliyewakataza wanaume wa Kiswahili kulia? Tumemtafuta hatukumwona.

Tunaye na shujaa wetu wenyewe. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya jijini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, akaumia vibaya goti, na akaendelea kukimbia na kuchechemea mpaka mwisho. Alimaliza wa mwisho kati ya waliofika, giza likiwa limeingia, washindi wameshavishwa medali. Jibu lake alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, limekuwa hubiri la kila mgeni rasmi kwenye mahafali. Ni jibu kubwa na tunalipenda. Lakini itazameni tena picha ile. Mguu wake wa kulia umezungushiwa bandeji kuanzia pajani. Kuna mahali pale njiani Akhwari aliumia, akaonekana ameumia, akakubali mikono ya watu wengine imguse na kumfunga kidonda. Ndipo akaendelea. Bila bandeji ile tusingekuwa na hadithi ya kusimulia. Hubiri limekariri maneno na kuisahau bandeji kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa hao wa upande wa pili. Umezuka mtindo wa mwanaume "mwenye hisia", ambaye amejifunza msamiati wote: msongo, kiwewe, uponyaji, mipaka. Anaweza kukueleza kwa saa nzima jinsi baba yake alivyomnyima upendo. Ukimuuliza ada ya mtoto wake aliyeko Morogoro imelipwa na nani, anasema bado yuko kwenye safari ya kujitafuta. Tunamwambia bila kumung'unya: huo ni utoto. Kulia kwa ajili ya nafsi yako peke yako kila mtu anaweza, hata mtoto wa miezi mitatu anaweza. Hisia tunazozitaka ni zile zinazomwona mwenzio: kumwona mke amechoka kabla hajasema, kumwona kijana wako amebadilika tangu alipoanza kidato cha kwanza, kumwona rafiki wa kijiweni amepungua kilo na kicheko. Kisha kunyanyuka na kufanya kitu. Mwanaume wa aina hiyo hahitaji kamera, na kazi yake haipigwi picha nzuri.

Akifanya hivyo, bila shaka, mtaa utasema kalishwa limbwata. Mume akionekana anaanika nepi, limbwata. Akimbeba mtoto mgongoni kwenda naye kliniki, mkewe ni mchawi. Huko ng'ambo ya mpaka wanasema amekaliwa. Yaani tumefika mahali ambapo upendo wa mwanaume kwa watu wake hauwezi kuelezeka mpaka apatikane mganga. Ni tusi kwa wanawake, na ni tusi kubwa zaidi kwa wanaume, kwamba wema wao hauna asili ila uchawi.

Na dola inaunga mkono mtaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Baba inampa angalau siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3 zinatosha kununua ndoo na kupokea wageni. Kwa maneno mengine, Jamhuri inamwambia baba kwamba kazi yake kwa mtoto huyu ni kupita. Kenya inampa wiki 2 tangu sheria yake ya 2007, na viwanda vyake bado vinazalisha.

Uamuzi wetu, basi. Bunge lifute kifungu cha 217, na aliyejaribu kujiua apokelewe na daktari badala ya mpelelezi. Likishamaliza hilo lifungue sheria ya ajira na kuandika wiki 2 za baba. Waajiri watanung'unika, kama walivyonung'unika kwa kila siku ya mapumziko iliyopata kuwepo. Hospitali ziweke upimaji wa tezi dume jioni na Jumamosi, wanaume wanapotoka kazini, na kwa faragha inayostahili. Walimu waache kumwambia mvulana analia kama msichana. Sisi wenye magazeti tunaacha leo "wivu wa mapenzi" kama maelezo ya mauaji.

Nawe uliyekaa chini ya turubai, safari ijayo ukifika kwa mfiwa usimwambie ajikaze. Kaa naye. Muulize mtoto wake aliitwa nani. Akilia, usiangalie pembeni. Ukiona ameanza kuaga watu au kugawa vitu vyake, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mpeleke hospitali wewe mwenyewe. Na kama anayeumwa ni wewe, iwe kinachouma ni mkojo au ni moyo, zahanati nyingi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Kesho nenda.